Sauti ya Jenereta la Mama Shiro

Rehema, anayepiga besi mahali pangu sasa, ameniomba nimwandikie namna ya kuipata sauti ya Babu, kwa kuwa Babu mwenyewe hayupo tena na vidole vyangu vimekataa kazi. Nilidhani ni jambo la nusu ukurasa. Sasa jua limeshafika mlangoni na bado natafuta pa kuanzia, maana huwezi kuieleza sauti ile bila kumweleza Mama Shiro, na Mzee Salim, na asubuhi ile ya hotelini. Basi nitaandika yote tangu mwanzo. Mimi niliishia darasa la nane hapa Bongwe, na mwalimu wetu wa insha alikuwa akisema kwamba ninazunguka jambo kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mtanivumilia. Mkishindwa, rukeni mpaka penye neno Babu.

Kwanza niseme kwamba bendi yetu ya Karai haikufika popote. Nawaambia mimi kabla hamjaambiwa na watu. Hatukutokea kwenye televisheni, hatukwenda ng'ambo, na nyimbo zetu zilizorekodiwa zilirekodiwa kwa simu ya mtu aliyekuwa akila huku anarekodi. Tulipiga roki katika vilabu vidogo vya Ukunda na Diani, mara mojamoja Msambweni, na siku nyingine waliokuja kutusikiliza walikuwa wachache kuliko sisi tuliopiga. Watu wakiniuliza, "Sasa nyinyi mlifika wapi?" zamani nilikuwa nikitafuta maneno ya kujitetea. Siku hizi sitafuti. Hatukwenda mahali. Tulibaki hapa tukipiga nyimbo tulizotunga wenyewe, kwa magitaa yenye kelele, na hakukosekana mtu wa kutuambia tuache. Hatukuacha. Kama hilo si kufika, basi sijui.

Nilikuwa nikikaanga viazi karai kando ya barabara ya kwenda ufuoni. Mzee Salim alikuwa mteja wangu wa jioni. Alikuwa mpiga besi wa hoteli, mtu wa Tiwi, mwenye mashati yenye picha za samaki ambayo hotelini walimlazimisha kuyavaa na yeye akayazoea mpaka akawa anayavaa hata msibani. Siku moja alisimama na sahani mkononi bila kula. Nikamwuliza kama viazi vina kasoro.

"Viazi havina neno," akasema. "Nasikiliza upawa wako. Unaujua kwamba unagonga karai kwa mapigo?"

Nikamwambia nagonga ili mafuta yadondoke. Akasema yadondoke yasidondoke, mapigo hayayumbi, na kwamba yeye ana vijana hotelini wanaolipwa kwa kazi hiyo na wanayumba. Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata nilikuwa nyumbani kwake Tiwi, sebuleni, na besi mapajani.

Somo lake la kwanza nitalieleza kwa sababu mnaweza kulitumia. Alikataa kuniwashia spika. Aliniambia nikiegemeze kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la mkewe, kabati zito la mbao za mninga, kisha nipige uzi. Mlango wote uliitika. Sauti haikuingia masikioni tu, ilipita kifuani na kwenye mifupa ya taya. Alasiri nzima alinipigisha uzi mmoja, huku mkewe akilalamika jikoni kwamba vikombe vyake vya Idd vinacheza ngoma. Nilipouliza ni lini nitafundishwa wimbo, alinijibu kwamba wimbo una watu wa kuuimba, mimi kazi yangu ni kuwashika wasianguke. Hicho ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa.

Nilipojua kiasi alinipa uma wake wa chuma, ule wenye meno mawili, ambao ukiugonga gotini unatoa sauti moja tu. Alikuwa ameachiwa na mwanamuziki mgeni hotelini. "Huu haudanganyi," aliniambia. "Watu watakudanganya, masikio yako yatakudanganya ukiwa umechoka, huu hapana." Kwa hivyo mjue kwamba mimi nilifundishwa vizuri. Yaliyofuata si kwa kutojua.

Bakari nilimpata kwa sababu ya bango. Alikuwa fundi wa kuandika mabango Msambweni: majina ya maduka, picha za vichwa kwenye kuta za vinyozi, maonyo ya mbwa mkali kwenye nyumba zisizo na mbwa. Alikuja kuniandikia kibao cha viazi, akaona besi nyuma ya gunia, akakaa mpaka nikafunga. Alikuwa na gitaa ambalo kikazio chake kimoja kilikuwa kimevunjika, akakikaza kwa koleo. Roki aliisikia kwenye kanda zilizokuja pamoja na nguo za mitumba, na alikuwa haelewi neno hata moja lililoimbwa. Alichoelewa ni kwamba wale watu wamekasirika na hawaombi radhi. Alitaka kukasirika kwa Kidigo na Kiswahili. Nikamwambia nami nina mambo kadhaa.

Kilonzo, mpiga ngoma, alikuwa mhudumu wa hoteli, wazazi wake ni Wakamba waliohamia Ukunda. Alijifunza ngoma kanisani, na kanisani wakamwomba kwa upole ampishe mwingine kwa sababu waimbaji walikuwa hawajisikii. Siku ya shoo yetu ya kwanza mtangazaji alitaka jina la bendi nasi hatukuwa nalo. Kilonzo akaangalia nilichokuwa nimekuja nacho kutoka kazini, akasema, "Andika Karai, buda, tutabadilisha kesho." Hiyo kesho haikufika.

Kuhusu nyumbani nitasema kwa ufupi na kwa haki. Mjomba wangu alitangaza mbele ya watu kwamba mwanamke kubeba gitaa la kelele ni aibu ya ukoo. Mjomba huyohuyo ndiye aliyetubebea spika kwa mkokoteni wake, kazifunika kwa turubai, na akiulizwa anajibu kwamba amebeba mbao. Mama yangu aliniuliza tu kama huko ninakokwenda kuna choo cha wanawake.

Sasa nimefika kwa Babu. Babu hakuwa mtu. Alikuwa jenereta.

Mama Shiro ni mama wa bara aliyefungua klabu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Ukunda, paa la mabati, viti vya plastiki. Alitupa Jumapili alasiri kwa sababu Jumapili alasiri alikuwa hana wateja wa kupoteza. Alisema hivyo, usoni petu. Jumapili ya kwanza stima ikapotea katikati ya wimbo wa pili, Mama Shiro akaenda nyuma ya ukuta akawasha jenereta lake kuukuu, nasi tukaanza tena. Tulikuwa tumetyuni kwa uma wa Mzee Salim, sawasawa kabisa, lakini kila tulichopiga kilikuwa kama mchuzi uliolala. Tukaangaliana. Kilonzo akasimamisha fimbo zake.

"Kuna mtu anaimba na sisi," akasema, "na hajui wimbo."

Alisema kweli. Mngurumo wa jenereta ulikuwa ukiingia kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika zetu, sauti moja nzito isiyokatika, na haikupatana na yetu. Bakari alitaka tuahirishe. Mimi nilitoka na besi begani, nikaenda nyuma ya ukuta, nikaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ule ukuta wa mabati kama lilivyokuwa kabati la Tiwi, nikalegeza uzi mwembamba polepole mpaka ukakutana na mngurumo. Mkifika pale mtajua. Kuna mtetemo kati ya sauti mbili zinazogombana, unapungua, unapungua, kisha unatulia kama mtoto aliyepata titi. Nikarudi ndani, wenzangu wakatyuni kwangu. Tulipoanza, mngurumo ule ulikuwa upande wetu. Bendi ya watu watatu ikasikika kama ya watu wanne.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Stima ilikuwa ikipotea kila mara, kwa hivyo hata siku ambazo haikupotea tulityuni kwa Babu, maana hatujui atawashwa saa ngapi. Kabla ya shoo Mama Shiro alimwasha kidogo, mimi nikaenda nyuma ya ukuta, nikirudi wenzangu huniuliza, "Babu amesemaje?" nami huwapigia uzi. Kasoro moja ilikuwa friji. Friji likiwaka, Babu anaelemewa, sauti inashuka nasi tunabaki juu. Nilimwomba Mama Shiro alizime tukipiga.

"Mnataka customer wangu akunywe bia kama chai?"

Tukapatana hivi: friji lizimwe kwenye nyimbo za polepole, liwashwe kwenye zile za mbio, ambazo hata sisi wenyewe hatukuwa na hakika tuko kwenye sauti gani. Wateja walinung'unika. Baadaye wakazoea mpaka wakawa wanaagiza bia mbilimbili wakimwona Mama Shiro anakwenda kwenye swichi.

Desturi ya pili ilikuwa ya adhana, kwa sababu msikiti ulikuwa karibu. Adhana ikianza tunasimama palepale, hata katikati ya neno, ikimalizika tunaendelea palepale. Aliyeishika sana desturi hii ni Kilonzo, Mkristo. Alikuwa akiziinua fimbo zake hewani na kuzishikilia hivyo mpaka mwisho bila kushusha mikono. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alidhani ni sehemu ya wimbo, akatupigia makofi. Rehema, desturi hii msiiache hata mkihama.

Mzee Salim alikuja kutusikiliza mara moja. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa mbele kabisa. Katika wimbo wa kwanza akatoa uma mwingine mfukoni, akaugonga gotini, akausogeza sikioni, akanitazama. Tulipopumzika nikamweleza habari ya Babu, tena kwa furaha, nikidhani atapenda lile la kichwa cha gitaa kwenye mabati.

"Nimekupa chuma kisichodanganya," akasema, "wewe umekwenda kusikiliza mashine isiyoweza hata kuwasha friji."

Sina uhakika kama hata leo nina jibu la kumpa. Aliondoka akiwa mpole, akamaliza soda yake kwanza.

Nije kwenye wimbo. Kulikuwa na njia Diani, katikati ya viwanja, ambayo wanawake wa Bongwe na Ukunda walipita bahari ikipwa, kwenda mwambani. Mimi nilipita nikiwa mdogo, nyuma ya mama yangu, kwenda kuchokoa pweza. Hoteli moja ikajenga ukuta na njia ikaishia hapo. Wakahitaji bango la chuma lenye herufi nyekundu, HAKUNA NJIA, wakaita fundi kutoka Msambweni. Fundi huyo alikuwa Bakari. Aliandika vizuri, kwa sababu hajui kuandika vibaya, na lile bango likawa linapendeza kuliko mengine yote ya barabara ile. Kwa wiki kadhaa hakuja mazoezini. Aliporudi alikuwa na wimbo. Kiitikio chake mnakijua:

Rangi nyekundu, mkono wangu,
hakuna njia, nimeandika mimi,
na njia ipo.

Ule mwisho, "ipo", ndio mahali pa juu kabisa pa wimbo. Bakari aliutunga akiwa na sauti ya Babu kichwani, kwa hivyo "ipo" ilikaa kwenye ukingo wa koo lake. Alifika pale akiwa amesimama kwa vidole vya miguu, na akafika. Watu wetu wa Jumapili walikuwa wakiusubiri mwisho ule huku wameshika bia zao za uvuguvugu, na ukifika wanaimba naye. Madereva wa bodaboda waliuchukua. Nimewasikia kwa masikio yangu wakipita kwenye bango lile wakiimba maneno mawili ya mwisho tu.

Miaka ilikwenda. Siku moja Mzee Salim alinijia kwenye viazi na habari. Alikuwa anastaafu, na hoteli yake ilitaka bendi mpya ya kudumu, jioni zote, chakula na usafiri juu yao. Alikuwa ametuombea. Alisema alimwambia meneja kwamba tuna kelele lakini tunafundishika. Hoteli ilikuwa ileile ya ukuta.

Nataka mjue hali zetu ili msitufanye mashujaa. Mke wa Kilonzo alikuwa na mimba ya tatu. Paa la Bakari lilikuwa linavuja na mabango yalikuwa yanachapishwa na mashine sasa, hakuna aliyemwita mwandishi. Mimi macho yalikuwa yameanza kuuma kwa moshi. Tulikwenda wote, na tulikwenda tukiwa tumevaa vizuri. Tulipopita kwenye bango Bakari aliangalia upande wa pili.

Ilikuwa asubuhi, kando ya bwawa la kuogelea. Meneja alitupokea kwa heshima, akatuagizia maji baridi, akamwamkia Mzee Salim shikamoo. Ukuta hakuujenga yeye, aliukuta. Mpiga kinanda wa hoteli akatupa sauti ya kinanda chake tukatyuni, kwa sababu hilo ni jambo la kawaida na mgeni hufuata mwenyeji. Ilitubidi kukaza nyuzi zote juu. Tukapiga nyimbo walizotaka, za kukaribisha wageni na za mapenzi. Tulizipiga sawa. Mzee Salim alikuwa anatikisa kichwa kwa mapigo, na mimi nilijisikia vizuri kumfurahisha, sitadanganya. Ndipo meneja akasema, "Na moja yenu wenyewe, tuwajue." Bakari hakutushauri. Akaanza ule wimbo.

Ulikwenda vizuri mpaka mwisho. Lakini kinanda kilikuwa kimetupandisha, na "ipo" ikawa mahali ambapo koo la Bakari halijawahi kufika. Sauti ikakatika kama uzi. Akajaribu kwenye kiitikio cha pili, ikakatika tena. Mpiga kinanda akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. Bakari akawa anaangalia maji ya bwawa.

Sijui nilipata wapi ujasiri, maana mimi ni mtu wa kuomba ruhusa hata ya kukohoa. Nilisema, "Samahani, tunaanza upya." Nikaegemeza kichwa cha besi kwenye nguzo ya mbao ya kile kibanda cha bwawa, nikafumba macho, nikamkumbuka Babu, nikalegeza. Kilonzo akauliza polepole, "Babu amesemaje?" Nikapiga uzi, Bakari akatyuni kwangu. Mpiga kinanda hakuweza kutufuata, akakunja mikono. Tukapiga tena, na safari hii Bakari alifika. Alifika akiwa amemtazama meneja. Wafagiaji wa bustani waliacha kufagia. Mmoja aliitikia maneno yale mawili kisha akajifanya anakohoa.

Meneja alisubiri mpaka mwisho. Akasema wimbo ni mzuri na anautaka, ila mambo mawili. La kwanza, hotelini tutafuata kinanda. La pili, pale mwisho, badala ya "na njia ipo", tuseme "na bahari ipo". Wageni wanapenda bahari. Urefu unakaribiana, hakuna atakayeona tofauti.

Nilitazama wenzangu. Kilonzo alikuwa anaangalia fimbo zake. Bakari akasema, "Anayeshika tyuni ni Mwanatumu. Mwulizeni yeye." Mpaka leo namlaumu kidogo kwa hilo.

Nikasema, "Bwana meneja, bahari haikufungwa. Iliyofungwa ni njia. Nilipita hapo na mama yangu, naijua ilipoanza na ilipoishia. Siwezi kupiga besi chini ya neno jingine."

Akaniuliza kwa upole kama nimefikiri. Nikasema nimefikiri, na ulikuwa uongo, sikuwa nimefikiri hata kidogo. Kilonzo akanishika kiwiko.

"Tumu. Ni neno moja tu."

"Kama ni moja tu, wao mbona hawawezi kuliacha?"

Tulikunja nyaya zetu. Meneja alitusindikiza mpaka langoni, nalo nalitaja kwa sababu si kila mtu angefanya hivyo.

Nje ya lango Mzee Salim ndipo aliposema. Hakupaza sauti. "Mimi niliyatoa maneno yangu nikaweka yao, miaka yote hiyo, na watoto wangu walikula. Wewe unajiona nani?"

Nilimwambia, "Sijioni mtu, mzee. Nisamehe. Lakini sitalitoa."

"Basi usinitafute kwa habari za muziki," akasema, akaenda zake na shati lake la samaki.

Nimelipima jambo hili mara nyingi. Mzee alikuwa amejifungia heshima yake ya mwisho katika ombi lile, nami nikaiangusha mbele ya bosi wake. Watoto wa Kilonzo hawakuniomba niwasemee. Hayo yote nayakubali. Na pamoja na kuyakubali, ningerudishwa kando ya bwawa lile leo, ningelegeza uzi uleule.

Kilonzo alikwenda. Aliajiriwa kwenye bendi ya hoteli, akavaa shati la samaki, na sikumsema wala sikuruhusu mtu amseme. Lakini Jumapili ya pili tu nilitoka nyuma ya ukuta nikamkuta amekaa kwenye ngoma. Alimwambia meneja kwamba kanisani kwao wana ibada mbili. Ikawa hivyo kwa miaka. Alisema hotelini anapumzika na kwa Mama Shiro anafanya kazi.

Mzee Salim hakukanyaga kwa Mama Shiro. Kila Idd nilimpelekea viazi Tiwi. Alipokea shikamoo yangu, tukazungumza habari ya mvua na ya miguu yake, na kabati lilikuwa pale nyuma yake tukawa hatulitazami. Bango la hoteli likapata kutu. Wakampigia Bakari simu aje aliandike upya kwa mkono, kwa sababu la mashine walilojaribu halikupendeza kama la kwanza. Aliwaambia rangi nyekundu imemwishia. Ukuta upo mpaka leo, mimi sitawadanganya kwamba wimbo uliubomoa. Lakini na ule wimbo upo, na watoto wa Bongwe ambao hawajawahi kuipita njia ile wanaijua ilikuwa wapi.

Babu alikufa kabla ya vidole vyangu. Mama Shiro aliweka sola juu ya mabati na jenereta likauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Klabu ikawa na ukimya wa ajabu. Bado nilikwenda nyuma ya ukuta kabla ya shoo, nikasimama pale penye alama ya mafuta, nikarudi nayo ile sauti. Kisha viungo vya vidole vikaanza kuvimba, daktari akaniambia nichague besi au mkono, na Rehema akaja. Rehema anapiga vizuri kuliko mimi. Tatizo lake ni simu inayopima tyuni, inawaka kijani ukipatia na nyekundu ukikosea, naye anaiamini kama nilivyokuwa nikiuamini uma.

Jumapili yangu ya mwisho niliipiga nikiwa na bandeji vidoleni. Tulikuwa hatujaanza. Mlangoni akaingia Mzee Salim, mkongojo mkono mmoja, mkono wa pili ameshika bega la mjukuu wake aliyembebea besi. Watu wakasimama. Nilikwenda nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo Babu wenu yuko wapi?"

"Amekufa, mzee."

Akatafuta kiti, akakaa, akapakata besi yake. Alikuwa amezeeka mpaka gitaa lilimzidi. "Basi nipe sauti yake," akasema. "Ule wimbo wenu nitakushikia mimi. Vidole vyangu bado vinaweza."

Nikapiga uzi. Yeye akatafuta mahali pa kuegemeza kichwa cha besi, akaona friji, akasogea, akaegemeza kwenye mlango wake. Mama Shiro hakuambiwa na mtu. Alikwenda kwenye swichi akalizima. Mzee Salim akafumba macho, akaanza kulegeza, polepole, akiiacha ile sauti aliyoishika maisha yake yote, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka besi yake na yangu zikatulia pamoja. Rehema alikuwa ameshika simu. Niliona inawaka nyekundu. Aliitazama, akanitazama, akaiweka mfukoni.

Kilonzo akahesabu, tukaanza. Mimi wimbo ule sikupiga, nilisimama kando ya kiti cha mzee. Alipiga kwa uzito, nyuma kidogo ya ngoma, kama alivyonifundisha, na mlango wa friji ukawa unaitika pamoja na chupa zilizokuwa ndani. Kiitikio kilipokuja Bakari akainuka kwa vidole vya miguu. Ndipo nikasikia sauti ya pili karibu nami, nyembamba, ya mtu asiyeimba. Mzee Salim alikuwa amefungua kinywa.

"Na njia ipo," akaimba, macho yake kwenye nyuzi.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi, na Bakari akageuka kuuliza tunakwenda na upi unaofuata. Mzee Salim alikuwa bado ameegemeza besi kwenye friji.

"Rudieni huohuo," akasema.

Tukarudia.